Ukitoka Mombasa kwenda kuona wanyama kwa Wamaasai: Mara, Chyulu au Shompole?

Mtu wa Mombasa akitaka kuona tembo, jibu la haraka ni Tsavo. Lango la Buchuma liko kando ya barabara ya Nairobi, unafika watoto hawajaanza hata kusinzia garini, na Tsavo Mashariki peke yake ina kilomita za mraba 13,747. Sina ugomvi na Tsavo. Ila ile ni mbuga ya serikali: ng'ombe haruhusiwi, na mfugaji akiingiza mifugo anakamatwa. Ulinganisho huu ni wa yule anayetaka kitu kingine, ardhi ambayo pundamilia na ng'ombe wanakula majani yale yale, mwenye ardhi ni Mmaasai mwenyewe, na unacholipa kinamfikia kwa njia inayoweza kuelezwa.

Wanyama wengi hawako mbugani. Takriban asilimia 65 ya wanyamapori wa Kenya wanaishi nje ya mbuga za serikali, kwenye malisho na mashamba ya watu. Tembo wa Amboseli ni mfano ulio wazi: mbuga inayobeba jina lao ina kilomita za mraba 392 tu, haiwatoshi, kwa hivyo sehemu kubwa ya maisha yao wanaipitisha nje, kwenye ardhi ya Wamaasai. Na tangu uwindaji upigwe marufuku mwaka 1977, mfugaji hawezi kumla mnyama huyo, hawezi kumuuza, na akimuua anashtakiwa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nyumbu hashiki jembe. Anakula, anakunywa, na akija na simba nyuma yake, hasara ni ya mwenye boma.

Hifadhi za jamii, yaani ardhi ambayo wenyeji wenyewe wameitenga kwa ajili ya wanyamapori, zinatofautiana hapo, katika jinsi zinavyomlipia mgeni huyo, na hapo ndipo pa kuzipima. Mara wanalipa kodi ya ardhi. Upande wa Amboseli na Chyulu wanalipa fidia na mishahara. Shompole na Olkiramatian, kule kusini karibu na Ziwa Magadi, jambo kubwa si pesa bali majani. Nitasema msimamo wangu mapema ili usome ukijua naegemea wapi. Kwa macho, nenda Mara. Kwa kujifunza, nenda Shompole. Lakini mtu wa Mombasa mwenye nauli ya safari moja tu, mimi ningemwelekeza Chyulu na Kimana, upande wa Amboseli, na sababu yangu ya kwanza iko kwenye bomba la maji.

Mara: kodi kwa mwenye hati

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Maasai Mara inayojulikana na kila mtu iko chini ya Kaunti ya Narok. Ninazozisema hapa ni zile zinazoizunguka upande wa kaskazini na mashariki: Ol Kinyei iliyoanza 2005, Olare Orok ya 2006 ambayo sasa ni sehemu ya Olare Motorogi, Naboisho ya 2010, Mara North na nyingine kadhaa. Zilitokana na kugawanywa kwa ardhi. Ranchi za pamoja kama Koyiaki zilipokatwa vipande na kila mwanachama akapewa hati yake, ilikuwa wazi kwamba kila mtu akiweka ua, nyumbu hatakuwa na pa kupita wala ng'ombe hatakuwa na pa kuhamia. Wenye vipande wakaviunganisha tena kwa mkataba, wakavikodisha kwa kampuni za kambi za watalii, na kila mmoja analipwa kulingana na ukubwa wa kipande chake. Naboisho peke yake ina wenye ardhi zaidi ya 500.

Uzuri wa mpango huu ni kwamba kodi haingojei mtalii ateremke kwenye ndege. Imeandikwa kwenye mkataba wa miaka mingi, inaingia akaunti ya mwenye hati, na mtu anaweza kupanga karo kwa kuitegemea. Kwa mgeni pia kuna raha yake: mahema huwekewa kikomo kulingana na ukubwa wa ardhi, magari hayarundikani, na unaweza kutembea kwa miguu na mwongozaji au kuzunguka na gari usiku, mambo ambayo ndani ya Mara ya kaunti hayaruhusiwi. Ukitaka simba, chui na duma kwa safari moja, sijui pa kukupeleka zaidi ya hapo.

Kinachonikera ni mambo mawili. Anayelipwa ni mwenye hati, na hati nyingi zimeandikwa jina la mwanamume. Mama anayekamua alfajiri na kujua ni ng'ombe gani amekonda, jina lake halimo. Halafu kuna suala la ng'ombe wenyewe. Kambi nyingi ziliuza utulivu: mgeni aone nyika tupu, asione boma wala asisikie kengele ya ng'ombe. Familia zilihamia nje ya eneo la hifadhi, mifugo ikafungiwa nje, na aliyeonekana akichunga ndani alitozwa faini. Yaani Mmaasai alilipwa ili asiwe Mmaasai kwenye ardhi yake. Mambo yamelainika tangu hapo. Hifadhi kama Naboisho na Olare Motorogi zina utaratibu wa kuingiza ng'ombe kwa zamu, kwa sababu majani yanayoliwa kwa mpango na kuachwa yachipue upya yanawavutia swala kuliko majani marefu yaliyoachwa yakazeeka. Pardamat, hifadhi nyingine ya huko huko, nao walianza kutoka upande wa pili kabisa: watu wanabaki ndani na maboma yao, kinachoondolewa ni nyua za waya.

Halafu ikaja 2020. Makambi yalifungwa kwa sababu ya Korona, na mkataba uliotegemea vitanda vya wageni ukaonyesha udhaifu wake. Mahali pengi kodi ilipunguzwa au ikatafutiwa wafadhili. Aliyekuwa bado na ng'ombe wake alikuwa na kitu cha kuuza. Aliyekuwa amewapunguza akitegemea kodi alibaki na simu ya kupigia meneja.

Kwa mtu wa Mombasa kuna jambo la bei na njia pia. Makambi ya hifadhi hizi ni ya watu wachache wanaolipa sana, na bei huandikwa kwa dola hata ukiwa na kitambulisho cha Kenya mfukoni. Zipo bei za wakaazi, lakini uziulize, hazitajwi kwanza. Kwa barabara ni kufika Nairobi, kulala, kisha Narok na vumbi. Ukihesabu kwenda na kurudi, likizo fupi inaishia njiani.

Chyulu na Kimana: fidia, morani na maji yetu

Maji ya Mombasa yanatoka Baricho, Marere, Tiwi na Mzima. Mzima iko ndani ya Tsavo Magharibi, na wengi wetu tuliopelekwa huko na shule tunakumbuka viboko na kile chumba cha vioo chini ya maji cha kutazamia samaki. Lakini mvua inayozaa maji hayo haikunyesha pale. Inanyesha kwenye vilima vya Chyulu. Mwamba wa volkano wa vilima hivyo una vinyweleo kiasi kwamba juu huoni mto wowote. Maji yanazama, yanasafiri chini ya ardhi, na yanaibuka Mzima yakiwa safi. Bomba lililojengwa miaka ya 1950 linayateremsha hadi kwetu, na njiani Voi na Mariakani wanachota fungu lao.

Sehemu ya Chyulu ni mbuga ya taifa tangu 1983. Lakini miteremko ya magharibi na nyanda zilizo chini yake ni ardhi ya Wamaasai: ranchi za Mbirikani, Kuku, na kusini zaidi Rombo. Msitu wa juu ukigeuzwa makaa na majani ya miteremko yakiungua kila mwaka, mvua itanyesha vile vile lakini haitakaa ardhini kama zamani. Kwa hivyo mfugaji anayekubali kutochoma na kutokata anatulindia mtungi, na sisi bili yetu ya maji haina hata senti yake. Kuna mradi wa hewa ya ukaa unaojaribu kuziba pengo hilo: ranchi za Kimaasai, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), Huduma ya Misitu na mashirika ya uhifadhi ya eneo hilo wameungana, na mapato ya kuuza hewa hiyo, yaani malipo ya ukaa unaobaki kwenye miti badala ya kuingia angani, yanarudi kwa washirika. Ni pesa za wanunuzi wa nje. Mombasa haimo.

Turudi kwa simba, maana fidia ndiyo inayolitofautisha eneo hili na Mara. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 simba wa huku walikuwa wanakwisha, kwa mkuki na kwa sumu. Mkuki una heshima zake za kimila. Sumu ni hasira tu, na inaua fisi, tai na mbweha waliokuja kula mzoga. Mwaka 2003 Mbirikani wakaanza mfuko wa fidia: simba, chui, duma au fisi akiua mfugo, mkaguzi anakuja kuangalia mzoga na nyayo, na mwenye mfugo analipwa kwa vipindi. Mfuko huu sasa unaendeshwa na Big Life, shirika lililoanzishwa 2010.

Masharti yake ndiyo yaliyonishawishi. Hulipwi bei kamili ya sokoni, ili simba asije akawa mnunuzi bora kuliko yule wa mnadani. Boma lako likiwa bovu, au mbuzi wako aliachwa porini usiku, fidia inapunguzwa. Na mtu mmoja akimuua simba, majirani zake nao wanakosa malipo ya kipindi hicho. Hilo la mwisho ni kali, lakini linafanya kazi ambayo askari hawezi: wazee wenyewe ndio wanaowazuia vijana, kwa sababu ng'ombe wa mzee nao wamo hesabuni. Watu wa ranchi ya Kuku wana mpango wa aina hiyo hiyo chini ya shirika lao linaloongozwa na Samson Parashina, Mmaasai wa hapo hapo aliyetunukiwa tuzo ya mazingira ya Umoja wa Mataifa mwaka 2012. Kwao sehemu ya fidia inatoka kwenye ada ya uhifadhi anayolipa mgeni wa kambi, kwa hivyo ukilala pale unajua ada yako imekwenda kumlipia nani mbuzi.

Serikali nayo ina fidia yake. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inataja shilingi milioni 5 kwa mtu aliyeuawa na mnyama, na milioni 3 kwa aliyepata ulemavu wa kudumu. Kwenye karatasi inapendeza. Foleni yake waulize wajane wa Taita Taveta. Mfuko wa kijijini unazidi ule wa serikali kwa jambo moja tu, kwamba mkaguzi anafika mzoga ukiwa bado mbichi, na kwa mfugaji hilo jambo moja ni kubwa.

Fidia inapoza hasira, haimzuii simba. Ndiyo maana mwaka 2007 ukaanza mpango wa Lion Guardians: morani wale wale ambao zamani wangekwenda kuwinda simba ili wapate jina, wanaajiriwa kumfuata kwa nyayo, kumpa jina la Kimaasai, kuwatahadharisha wachungaji asubuhi simba yuko upande gani, kutafuta mifugo iliyopotea na kuimarisha maboma. Mwaka 2012 ikaongezwa michezo ya Wamaasai inayofanyika Kimana, ambapo vijana wanashindana kukimbia, kurusha rungu na kuruka juu badala ya kushindana kuua. Mlezi wake ni David Rudisha, na Mkenya hahitaji kuelezwa Rudisha ni nani.

Usiende ukidhani yote ni shwari. Ukame wa 2022 ulikuwa mbaya kiasi kwamba wizara ilihesabu tembo 205 waliokufa nchini kati ya Februari na Oktoba mwaka huo, na nyumbu 512. Ng'ombe wa Kajiado walikufa wakiwa wamelala foleni kwenye visima. Mwaka uliofuata, Mei 2023, wanyama wa porini wa kuwinda wakiwa wamepungua, simba wakageukia maboma, na katika muda wa siku chache simba kumi wakauawa eneo la Amboseli. Mmoja wao alikuwa Loonkiito, dume wa miaka 19, miongoni mwa wazee kabisa waliojulikana. Wapo waliosema basi mipango yote hii ni bure. Mimi naisoma tofauti: mfugaji aliyepoteza kundi zima kwa ukame, kisha simba akaja kumalizia mbuzi waliobaki, alikuwa na hasira ambayo hakuna fidia ingeifikia, na bado maboma mengi ya jirani hayakuchukua mkuki.

Tishio kubwa zaidi la huku halina meno. Ni ua. Ardhi ya Kimana iligawanywa mapema, maji yapo, na mkulima kutoka mbali ana pesa za kununua au kukodi. Miaka michache iliyopita shamba la parachichi lilizungushiwa ua karibu kabisa na njia ya tembo wanaotoka Amboseli kwenda Kimana na Chyulu. Wenye ardhi jirani na mashirika wakapinga, na mamlaka ya mazingira ikafuta kibali. Ukishinda kesi moja kama hiyo, nyingine tatu zinaandaliwa. Kwa hiyo hapa pia kodi ya ardhi imeanza kulipwa kwa vipande vilivyo kwenye njia za wanyama, kwa mfano wa Mara, kwenye hifadhi ndogo kama Kilitome na Osupuko. Hifadhi ya Kimana yenyewe ilifunguliwa 1996 ikiwa kati ya za kwanza nchini kumilikiwa na jamii, na Selenkay, upande wa kaskazini wa Amboseli, ikafuata mwaka mmoja baadaye.

Utaona nini? Tembo, kwa uhakika kuliko kitu kingine chochote, wakiwemo madume wenye pembe ndefu za kutisha. Twiga, nyumbu, pundamilia. Kilimanjaro asubuhi kabla mawingu hayajaifunika. Simba ni kwa bahati, kwa sababu simba anayeishi na watu amejifunza kujificha. Ukitaka picha ya simba aliyelala katikati ya barabara, rudi juu usome tena habari za Mara.

Shompole na Olkiramatian: hifadhi iliyo ghala la majani

Ningekuwa na mpwa anayesoma mazingira chuoni, huku ndiko ningempeleka. Ranchi hizi mbili ziko chini ya ukuta wa Nguruman, Mto Ewaso Ng'iro wa kusini ukizipitia. Hazikuanzishwa na kampuni wala na mfadhili aliyekuja na ramani. Wazee wa kamati ya malisho waliendeleza kitu walichokuwa nacho: kugawa ardhi kwa misimu. Mvua ikinyesha, maboma na mifugo hukaa upande mmoja, na upande wa pili unafungwa uote majani. Kiangazi kikikaza, kamati inatangaza siku, na ng'ombe wanahamia kwenye akiba. Sehemu ile ile inayoitwa hifadhi ya wanyamapori ndiyo akiba ya ng'ombe. Wanyama nao wanapishana na mifugo: ng'ombe wakitoka wao wanaingia, na usiku hata hawangoji watoke.

Matokeo ni kwamba mfugaji hahitaji kuambiwa faida ya hifadhi. Akiivamia kabla ya wakati, anakula chakula cha ng'ombe wake wa Septemba. Hakuna ua. Simba wamerudi na kuongezeka mahali ambapo mtalii ni mgeni wa nadra, jambo linaloniambia kwamba utalii si sharti la lazima kama tunavyoaminishwa. Uratibu mpana unafanywa na SORALO, muungano wa wenye ardhi wa Bonde la Ufa la kusini ulioanza 2004, na kituo cha utafiti cha Lale'enok kinamilikiwa na kikundi cha wanawake wa Olkiramatian. Linganisha hilo na hati za Mara.

Kasoro zake uzijue. Joto la Magadi ni joto hata kwa mtu aliyekulia Majengo, na halina upepo wa bahari. Makao ni machache. Kutoka Mombasa ni hadi Nairobi, kisha Kiserian, kisha barabara ya Magadi, kisha mchanga na mawe. Gari dogo la nyumbani usilijaribu. Na mpango mzima unasimama juu ya kitu kimoja, kwamba ardhi ibaki ya pamoja. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inawapa nafasi ya kuisajili hivyo, lakini shinikizo la kugawa hati liko Kajiado yote, na kijana anayetaka mkopo wa benki haoni kwa nini asiwe na karatasi yake.

Kufika, kula na kulala

Kwa Chyulu na Kimana, treni ndiyo njia. Panda ile ya asubuhi inayosimama stesheni ndogo, siyo ile ya moja kwa moja hadi Nairobi, uteremke Emali. Hapo kuna matatu na Probox za kwenda Kimana na Loitokitok kwa lami, zaidi kidogo ya saa moja, ukipita katikati ya Mbirikani. Ukiwa makini utaona twiga dirishani kabla hujalipa ada yoyote. Kimana mjini kuna nyumba za wageni za bei ya kawaida, na gari la kuzungukia hifadhi unaweza kulikodi hapo kwa siku moja. Sitaji bei, zimebadilika mara nyingi mno. Ada za mbuga za KWS hulipwa mtandaoni siku hizi, za hifadhi za jamii mara nyingi kwa M-Pesa, na ziko tofauti, kwa hiyo ukiingia Amboseli na Kimana unalipa mara mbili. Wageni wengi hukasirika getini kwa sababu hawakuambiwa.

Kwa Waislamu, uliza mapema kambini nani anachinja. Mijini Kimana na Emali hakuna shida, lakini kwenye boma mbuzi anaweza kuwa ameuawa kwa kuzibwa pumzi ili damu isipotee, na ukikataa nyama ukiwa umeshaketi utamvunjia mwenyeji heshima bila kukusudia. Mwambie mwongozaji siku moja kabla, mpe kazi hiyo Mwislamu wa safari yenu, na hakuna atakayenuna.

Ukiwa na wikendi tu, sahau zote tatu, uteremke Voi, kama saa mbili kwa treni, uelekee Mwatate na Maktau hadi LUMO. Jina lake limeunganishwa kutoka ranchi tatu, Lualenyi, Mramba na Oza, na wenyewe ni Wataita, si Wamaasai. Iko kati ya Tsavo Magharibi na hifadhi binafsi ya Taita Hills, kwa hiyo tembo na nyati wanapita humo kama njia ya kwao. Pia utaona upande mgumu wa jambo hili, kwa kuwa makundi ya ng'ombe wanaotoka mbali huletwa kukodi malisho huku, na ugomvi wa nani aliruhusu ng'ombe wangapi haujaisha. Wengine watasema hiyo si mandhari ya likizo. Kwangu ni sehemu ya kuelewa unachokilipia.

Chama kikitaka kutoa bila kusafiri

Vikundi kadhaa vya Mombasa huuliza hili, hasa baada ya ukame kuonekana kwenye taarifa ya habari. Kuchangia Mara sioni maana sana. Mkataba wao ni wa kampuni na wenye ardhi, na mchango wa elfu chache hauna pa kushika. Shompole pesa inafaa zaidi ikielekezwa kwenye kikundi cha wanawake kuliko kwenye mfuko mkuu. Upande wa Chyulu na Amboseli kitu kinachoeleweka haraka ni boma. Waya imara, nguzo zisizoliwa na mchwa na mlango unaofungika vinazuia hasara kabla ya fidia kuhitajika. Kaskazini mwa Tanzania wafugaji wamekwenda mbele zaidi na maboma hai, yaani miti inayopandwa kuwa nguzo na waya ikazungushwa juu yake, ambayo miaka ikipita inazidi kuwa imara badala ya kuoza.

Kabla ya kutuma chochote, piga simu na uulize nani ana mamlaka ya kuamua ng'ombe waingie lini hifadhini. Ukiambiwa ni meneja wa kambi, unajua hiyo ni hifadhi ya aina gani. Ukiambiwa kamati, omba jina la akaunti ya kamati, si namba ya simu ya mwenyekiti. Na kama hujui uanzie wapi, yule morani anayelinda geti la jirani yako Nyali huenda ana shangazi Mbirikani au Rombo. Mwamkie vizuri, umwulize mwaka jana kwao walipoteza mifugo mingapi kwa fisi na mingapi kwa ukame. Mara nyingi fisi ni wengi kuliko simba, na ukame unawashinda wote wawili, kwa hivyo mnaweza kukuta boma linaweza kungoja na chakula cha mifugo ndicho kinachotakiwa kufika kabla ya Oktoba.